Tumefuta ziro, sasa nani anamfundisha kipanga?

Shule za kutwa za Nachingwea na Ruangwa zimejipanga kumwokoa anayefeli. Mwanafunzi anayemaliza swali kabla ya wenzake ameachiwa bahati yake.

Kipindi cha hisabati, kidato cha pili, shule ya kutwa ya kata. Ubaoni kumeandikwa x² + 5x + 6, na darasa linatakiwa kuigeuza kuwa mabano mawili yanayozidishana. Mwalimu ana dakika 40 na wanafunzi hamsini na kitu, wengi wao hawajaona bado hiyo 6 inahusiana vipi na 5. Anaanza polepole, anataja jozi za namba, anarudi nyuma, anamwinua mmoja, anamkalisha. Kwenye dawati la pembeni kuna mtoto aliyekwisha kuandika (x + 2)(x + 3) kabla chaki haijatua mezani. Amezidisha kurudi nyuma ahakikishe, jibu limekubali, amefunga daftari. Zimebaki dakika 36. Mwalimu akimwona atampa moja ya kazi mbili alizonazo: awasaidie wenzake, au anyamaze.

Darasa hili halina jina la shule. Ndivyo vipindi vinavyokwenda kwenye kata nyingi za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kama ilivyo kwenye kata nyingi za nchi hii, na mwalimu aliye mbele hana kosa. Amepewa watoto wote kwa pamoja, na anajua swali atakaloulizwa Januari matokeo yakitoka: ziro ngapi? Huyo wa dawati la pembeni, ambaye wenzake wanamwita kipanga, hayumo kwenye swali hilo. Hoja ya makala haya ni kwamba anapaswa kuwemo, kwamba kumwingiza hakuhitaji fedha nyingi kama tunavyodhani, na kwamba mahali pa kumnoa ni hapo hapo alipo, si lazima apakiwe kwenye basi la kwenda shule ya vipaji maalumu Morogoro.

Hofu iliyotufikisha hapa

Shule za kata zilizaliwa kwa haraka. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza 2004, na katika miaka mitano idadi ya shule za sekondari nchini ilipanda kutoka takribani 1,300 hadi zaidi ya 4,000. Wilaya kama Ruangwa, iliyomegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995, zilipata sekondari vijijini ambako mtoto wa mkulima wa korosho hakuwahi kuiota. Majengo yalikuja kwanza, walimu wakafuata kwa kusuasua, maabara baadaye kabisa. Kisha ikaja Februari 2013. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalionyesha kuwa watahiniwa wapatao sita katika kila kumi wamepata ziro. Nchi ilishtuka, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na matokeo yakafutwa na kupangwa upya.

Msiba ule ulitufundisha kuogopa ziro, na hofu hiyo ilikuwa halali. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa uliozinduliwa mwaka huo huo ulizipanga shule kwa matokeo na kuweka mafunzo ya ziada kwa wanaosuasua. Tangu hapo wilaya, kata na shule zimeimba wimbo mmoja, kufuta ziro. Kambi za kitaaluma za kidato cha nne, majaribio ya kila mwisho wa wiki, vikao vya wazazi kuhusu chakula cha mchana, vyote vimewekewa lengo hilo. Kazi imefanyika, na anayeibeza hakumbuki 2013. Ila kipimo chochote huwafundisha watu mahali pa kutazama, na macho ya shule yakikaa kwenye mstari wa kufeli, mtoto aliyeuvuka mstari huo tangu kidato cha kwanza anakuwa si kazi ya mtu yeyote. Amekwisha kuhesabiwa kuwa amefaulu.

■ *Kipimo chochote huwafundisha watu mahali pa kutazama.*

Tazama hesabu yenyewe. Divisheni ya kwanza inaanzia pointi 7 na kuishia 17, kwa masomo saba bora. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3. Mwanafunzi mwenye A saba ana wani ya saba. Mwenye B nne na C tatu ana pointi 17, naye ana wani. Kwenye ubao wa matangazo wote wawili wanapigiwa makofi sawa, wakati C inaanzia alama 45 katika mia na A inaanzia 75. Mtoto aliyekuwa na uwezo wa A akaachiwa aishie kwenye C ya hisabati anaweza kuwa amepoteza alama 30, na hakuna taarifa ya wilaya itakayoionyesha hasara hiyo, kwa sababu taarifa ya wilaya inasomeka "wani". Atakuja kuiona mwenyewe wakati wa kugombea nafasi ya mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati, PCM, na ataiona tena mlangoni mwa kitivo cha uhandisi.

Tangu matokeo yaliyotangazwa Januari 2023, Baraza la Mitihani, NECTA, limeacha kuwataja wanafunzi bora na shule kumi bora. Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Orodha zile zilikuwa tangazo la bure kwa shule binafsi zenye uwezo wa kuchuja wanaoingia. Lakini baada ya kuiondoa hatukuweka kipimo kingine cha upande wa juu. Imebaki ziro peke yake.

Saba, na hakuna hata moja Kusini

Jibu rasmi la serikali kwa mwanafunzi mwenye ufaulu mkubwa ni shule za vipaji maalumu: Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Ziko Arusha, Morogoro, Pwani, Dodoma na Tabora. Lindi, Mtwara na Ruvuma hazina hata moja. Mtwara ina shule ya ufundi, na mpango wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, umepeleka shule ya bweni ya wasichana ya sayansi katika kila mkoa wa Tanzania Bara, Lindi ukiwemo, jambo ambalo kwa wazazi wa huku ni kubwa. Hata hivyo, kipanga wa Nachingwea anayepangiwa vipaji maalumu bado anafunga safari ya kuvuka Rufiji.

Safari hiyo si ngeni. Benjamin Mkapa alitoka Lupaso, Masasi, akasoma Ndanda, akaenda Kigonsera, kisha Pugu, kisha Makerere. Zama zile Kusini palikuwa na Ndanda ya Wabenediktini na Chidya ya Waanglikana, na mtoto mwenye akili alichukuliwa na mtu aliyemwona: padri, mwalimu mkuu, mkaguzi. Mfumo wa leo unamwona kwa karatasi. Mtihani wa darasa la saba una masomo sita ya alama 50 kila moja, jumla 300, na daraja A linaanzia 241. Wenye A ni wengi kuliko vitanda vya shule saba. Waliobaki, na ndio wengi, wanapangiwa shule ya kutwa ya jirani na kukaa dawati moja na mwenzao aliyepata C ya alama 125. Shule inayowapokea haipewi maelekezo yoyote kuhusu tofauti hiyo. Inapewa majina.

Kilio kinachofuata ni rahisi kukitabiri: Kusini nako pajengwe shule ya vipaji maalumu. Sipingi. Lakini Nachingwea, kuliko wilaya nyingi, ina sababu ya kuutilia shaka mradi mkubwa unaoshuka na bajeti kabla ya udongo kupimwa. Waingereza waliuleta hapa Mpango wa Karanga mwaka 1947, pamoja na Kongwa na Urambo. Ukafa 1951, na reli iliyotoka Mtwara kwa ajili yake ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa shule, kipimo cha udongo kipo na kimefanyika jirani. Watafiti Adrienne Lucas na Isaac Mbiti waliwachunguza wanafunzi wa Kenya waliopenya kwa alama chache kuingia shule za kitaifa, zile zinazogombewa na kila mzazi, wakawalinganisha na waliokosa kwa alama hizo hizo chache. Katika kazi waliyoichapisha 2014 hawakuona kuwa waliopenya walifanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa mwisho. Sifa kubwa ya shule hizo ilikuwa ya wanafunzi wenyewe, waliokuja wakiwa tayari wazuri. Matokeo hayo yanawahusu waliokuwa kwenye mstari wa kuingia na si lazima yamhusu wa kwanza kitaifa, lakini yanatosha kutuliza ile imani kwamba pasipo Ilboru hakuna akili inayoiva.

KDS ikageuka LCM

Kuna kichujio kingine kisichotajwa kwenye fomu yoyote, nacho kinafanya kazi katika wiki za kwanza za kidato cha kwanza. Mtoto wa Mbekenyera au Naipanga amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Anajua kigawe kidogo cha shirika, anakiita KDS, anakitafuta kwa kugawanya kwa namba tasa mpaka mwisho. Januari anakuta jambo hilo hilo linaitwa LCM, na mwalimu anauliza kwa Kiingereza nani anajua. Mkono hauinuki. Nyuma yake kuna mwenzake aliyetoka shule ya Kiingereza ya mjini, aliyekuwa wa wastani tu, anajibu. Kufikia Machi darasa limekwisha kuamua nani ni kipanga na nani ni kilaza, na uamuzi huo umefanywa na msamiati.

Ndiyo maana shule inayotaka kumlea mwenye uwezo lazima kwanza imtafute vizuri, na isimtafute kwa ufasaha wake wa Kiingereza. Wiki chache za mafunzo ya awali ya Kiingereza zinazotolewa kidato cha kwanza ni nzuri, lakini hazitoshi kugeuza msamiati wa miaka saba. Karatasi moja ya maswali kumi ya hisabati na mantiki, yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kutolewa wiki ya kwanza, itamwonyesha mwalimu wa taaluma watoto ambao Kiingereza kitawaficha mwaka mzima. Sera ya elimu, toleo la 2023, imeacha Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Mjadala wa lugha hautaisha leo, lakini kumtambua mtoto kwa lugha anayofikiria nayo hakuvunji sera yoyote.

Kwa wasichana kichujio hiki kina tundu dogo zaidi. Msichana anayenyamaza mwaka wa kwanza kwa sababu ya lugha huhesabiwa kuwa mpole, na upole wake unasifiwa. Anayetembea masafa marefu, au aliyepangishiwa geto karibu na shule, anapoteza jioni zake kwa kupika na kwa hofu. Kumsaidia mwanafunzi bora wa aina hii mara nyingine hakuanzii kwenye swali gumu. Kunaanzia kwenye taa, mahali pa kulala na mlo wa mchana. Sababu ya kuzisifu kambi zetu, pamoja na kasoro zake, ni hiyo: zinampa mtoto usiku wa kusoma. Kasoro ni kwamba zinakuja mwaka wa nne, na zinapokuja zinakaririsha maswali ya mitihani iliyopita, jambo linalomfaa anayetafuta D kuliko anayetafuta A.

"Walimu wenyewe hawatoshi"

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito kuliko yote, ni la uhaba. Hisabati inafaulisha karibu robo tu ya watahiniwa wa kidato cha nne nchini, na miaka mingine pungufu ya hapo. Mwalimu wa fizikia anabeba vidato vinne peke yake. Katika hali hiyo, mtu atauliza, ni haki gani kumwondoa mwalimu kwa watoto 45 wanaozama ili ashughulike na watano wanaoelea?

Swali hili linachukulia kwamba kipanga anahitaji mwalimu kama wenzake wanavyomhitaji. Ushahidi wa jirani unasema vinginevyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shule za msingi za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, ziligawiwa vitabu vya kiada, na Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakapima kilichotokea. Mwanafunzi wa kawaida hakunufaika; vitabu vilikuwa vya Kiingereza na vilimzidi kimo. Walionufaika ni waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Utafiti huo, uliochapishwa 2009, hutumiwa kuonyesha kwamba mtaala wetu wa Afrika Mashariki umeshonwa kwa kipimo cha wachache, na ni kweli. Lakini kuna upande wake wa pili: mwenye uwezo ukimpa kitabu, muda na swali linalomstahili, anakwenda mwenyewe sehemu kubwa ya njia. Ndiye mwanafunzi wa bei nafuu kuliko wote shuleni. Anayehitaji mwalimu kila dakika ni yule mwingine, na hakuna haja ya kumnyang'anya.

■ *Mwenye uwezo ukimpa kitabu, muda na swali linalomstahili, anakwenda mwenyewe sehemu kubwa ya njia.*

Pingamizi la pili ni la aibu: kugawa watoto kwa uwezo kunawapiga muhuri. Walimu wengi wanaukumbuka mkondo A wa vichwa na mkondo D uliokuwa jalala, ambako hata mwalimu aliingia kwa shingo upande. Hofu hiyo ina msingi, lakini nayo imepimwa. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walizifuatilia shule 121 za msingi magharibi mwa Kenya zilizopewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Nusu yake ziligawa watoto kwa alama zao za awali, nusu zikawagawa kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka mmoja na nusu, shule zilizogawa kwa alama zilikuwa mbele, na walionufaika walikuwemo wa kundi la chini pia, kwa kuwa mwalimu wao hatimaye alifundisha pale walipo. Ni darasa la kwanza, si kidato cha tatu, na mwalimu wa ziada alikuwepo; tusiukuze ushahidi kupita kiasi. Unachokataa ni ile dhana kwamba kila anachopewa wa juu kimechomolewa mfukoni mwa wa chini.

Mimi nisingependekeza mikondo ya kudumu. Mtoto anaweza kuwa kipanga wa hisabati na akawa wa kawaida kabisa kwenye historia. Makundi ya somo moja moja, yanayopangwa upya kila muhula, yanaacha mlango wazi wa kupanda na kushuka, na hayampi mtu jina la kudumu. Hata hilo likishindikana kwa uhaba wa vyumba, ubao wenyewe unaweza kugawanywa: upande wa kushoto swali la darasa, kona ya kulia swali la waliomaliza. Tuseme mwalimu ameandika pale: kwa thamani zipi za k, x² + kx + 6 inagawanyika kwa mabano ya namba nzima? Mtoto wa dawati la pembeni anafungua tena daftari. Majibu ni manne, na mawili kati yake ni hasi. Wengi watayasahau hayo. Dakika 36 zimepata kazi, na mwalimu ametumia chaki ya senti chache.

Kuhusu kuwatumia vipanga kufundisha wenzao, ni desturi nzuri, na anayefundisha hujifunza. Lakini ikiwa ndiyo yote anayopata, miaka minne, tumempa ajira ya kujitolea badala ya elimu. Anarudia kila siku anachokijua.

Pingamizi la tatu linatoka mbali na linastahili heshima. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, 1967, iliukataa mfumo wa shule unaowaandaa wachache kujiona tofauti na waliowasomesha. Je, kumpa mwenye akili chake si kurudi kule? Nadhani ni kinyume. Utaratibu unaomtenga mtoto na watu wake ni huu wa kumchota akiwa na miaka 13, kumpeleka mikoa mitano mbali, kisha kumsubiri arudi, naye harudi. Kipanga anayenolewa Ruangwa, anayekwenda shambani Oktoba korosho zikianza kudondoka, anayesoma na binamu yake aliyepata C, ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa msomi ambaye Nyerere alimtaka. Usawa wa kuwasubirisha wote kwa mwendo mmoja haukuwa fundisho lake, na hausaidii yeyote. Mwenye fedha atamhamishia mwanawe shule binafsi ya Dar es Salaam, na atakayebaki akisubiri ni wa mkulima.

Ruangwa inajua kusaka kipaji

Upo uwanja mmoja ambako wilaya hizi hazina kigugumizi. Namungo FC ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu ya soka mwaka 2019, na kufikia msimu wa 2020/21 ilikuwa inacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hakuna aliyesema mazoezi ya kijana mwenye mguu yanawaonea wasio nao. Hakuna kocha aliyesema huyu anajua tayari, mwacheni akae benchi awasaidie wenzake kufunga viatu. Kijana hupimwa, akaongezewa mzigo, akapelekwa kwenye mechi ngumu kuliko za kijijini kwao. Kwenye soka tunaelewa kwamba kipaji kisichopata mpinzani kinanyauka.

Mechi ngumu za kitaaluma zipo pia, tena nyingi hazina kiingilio. Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC huendesha mashindano ya insha kwa wanafunzi wa sekondari. Young Scientists Tanzania, iliyoanza 2011, inapokea miradi ya utafiti ya wanafunzi kutoka shule za kawaida kabisa. Na NECTA yenyewe ina somo la hisabati ya nyongeza, namba 042, lililotungwa kwa ajili ya mtoto ambaye hisabati ya kawaida, 041, haimtoshi. Shule za kutwa zinazolifundisha ni chache mno. Linahesabiwa kuwa la Ilboru na wenzake, ilhali halihitaji maabara wala kemikali. Linahitaji mwalimu mmoja anayelipenda somo, ubao, na vipindi vichache kwa wiki. Kama kila shule haiwezi, tarafa moja inaweza kuwa na kituo kimoja cha Jumamosi. Nachingwea ina chuo cha ualimu chenye walimu tarajali wanaohitaji watoto wa kujifunzia kazi. Ni jambo la wakuu wa shule wawili watatu kukaa na mkuu wa chuo.

Fedha za nauli na vitabu? Chama kikuu cha ushirika cha hapa, RUNALI, kimebeba majina ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale kwa pamoja, na minada ya korosho huanza Oktoba, wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Wakulima ndio wenye chama na ndio wazazi wa wanafunzi hawa. Hoja ya mfuko mdogo wa vipanga wa kidato cha kwanza hadi cha tatu inaweza kuwekwa kwenye mkutano mkuu wao na ikajadiliwa kama hoja nyingine. Nasisitiza kidato cha kwanza hadi cha tatu kwa sababu tuzo zetu zote zinakuja mwisho wa safari. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, unawalipia vyuo vikuu waliong'ara sayansi kidato cha sita. Ni mpango mzuri, na unamkuta aliyefika. Aliyeishia njiani kidato cha pili kwa kuchoka kusubiri hauna namna ya kumwona.

■ *Tuzo zetu zote zinakuja mwisho wa safari.*

Na kuna kilicho chini ya ardhi. Ruangwa ina madini ya kinywe, yanayotakiwa na watengenezaji wa betri duniani. Nachingwea ina nikeli kwenye kilima cha Ntaka. Migodi itahitaji madereva na walinzi, na vijana wa vijiji jirani watazipata kazi hizo bila shida. Itahitaji pia wajiolojia, wahandisi wa uchenjuaji, wakemia wa maabara na wanasheria wa kusoma mikataba. Mtu huyo leo ana miaka 14. Iwapo atatoka Mbekenyera au atatoka kwingine kunategemea, kwa sehemu kubwa kuliko tunavyopenda kukiri, alichopewa kufanya katika zile dakika 36.

Wilaya zisiache kufuta ziro. Ziongeze safu moja tu kwenye jedwali lile lile linalopelekwa kwa ofisa elimu: wangapi waliingia kidato cha kwanza na A ya darasa la saba, na wangapi kati yao wametoka kidato cha nne na A za hisabati na sayansi. Mkuu wa shule atakayeulizwa swali hilo Januari ataanza kuwatafuta watoto hao Februari. Hatahitaji kusubiri waraka. Matokeo ya darasa la saba yako kwenye tovuti ya NECTA, shule kwa shule, mtoto kwa mtoto, na kuyafungua ni bure.